PC ni ya nani hasa? Kwa nini ramu ya Dell yaingia kwenye HP

Mtu akiniletea desktopu iliyokufa, zile za ex-UK, mitumba ya Uingereza, zilizojaa kila saiba hapa Malindi, swali la kwanza huwa ni kama itatengenezeka, na la pili, nikishamwambia mazabodi, ile bodi kubwa ya ndani, imekwisha, ni la ramu, ile kumbukumbu ya kufanyia kazi: "Fundi, basi hiyo ramu si yaweza kuingia kwa ile nyingine ya nyumbani?" Iliyokufa ni Dell, ya nyumbani ni HP. Namwambia yaingia ndugu yangu, bora zote mbili zitumie ramu ya aina moja, tuseme DDR3, na hadi diski, pale mafaili yanapokaa, pia toa uweke, hata ile waya ya monita usiitupe. Wengi hushangaa na wana haki washangae, manake betri ya simu ya Samsung haiingii kwa Tecno hata ufanyeje, sasa imekuwaje hizi kampuni zinazonyang'anyana wateja kila siku zikatengeneza mashine ambazo ndani ni ndugu tumbo moja?

Ukiuliza mtaani utaambiwa mengi, moja ati Bill Gates ndiye aliyevumbua kompyuta halafu akawagawia wengine. Si kweli hata kidogo, na ukweli wenyewe unachekesha zaidi. Hizi mashine zafanana kwa sababu kampuni moja kubwa, IBM, ilikuwa na haraka mwaka 1980, ikaunda kompyuta kwa vipande vya watu, na kabla haijashtuka ile kompyuta ikawa si yake tena. Haikupanga. Hakuna aliyepanga. Lakini ili ieleweke ile haraka ilitoka wapi yabidi turudi nyuma kidogo, mtanivumilia.

Wanaojua Ngomeni wanayajua yale majukwaa ya Wataliano kule baharini. Tarehe 12 Disemba 1970, siku ya Jamhuri, walirusha kutoka pale setilaiti ya Wamarekani ya kuchunguza miale ya eksrei angani, ikaitwa Uhuru kwa heshima ya siku yenyewe. Naitaja kwa sababu ya tarehe tu: siku ile sisi huku tuna roketi, lakini duniani kote hakuna duka hata moja ambalo ungeenda ukanunua prosesa (ubongo wa kompyuta) ya chipu moja. Haikuwepo sokoni. Kompyuta ilikuwa kabati, au chumba kizima chenye kiyoyozi na watu wake wa kuihudumia, na mwenye nayo ni serikali, benki au chuo kikuu, mtu binafsi kuwa na kompyuta yake ilikuwa ni maneno ya mzaha.

Chipu ya kwanza ya aina hiyo kuuzwa, Intel 4004, ilitoka Novemba 1971 na wala haikutengenezewa kompyuta. Kampuni ya Kijapani iliyoitwa Busicom ilikuwa inatengeneza mashine za kupigia hesabu, ikaenda Intel kuagiza chipu kadhaa tofauti, Ted Hoff wa Intel akaona badala ya chipu zote hizo kila moja na kazi yake si bora kuwe na moja inayofuata maagizo unayoipa, Federico Faggin akaichora, akisaidiana na Masatoshi Shima aliyetoka upande wa Busicom. Ndani transista, vijiswichi vidogo vya umeme, 2,300. Prosesa ya simu ulioshika sai ina mabilioni. Intel wakaendelea, 8008 mwaka 1972, 8080 mwaka 1974, na hii ya mwisho ndiyo iliyofungua mambo.

Januari 1975 gazeti la Marekani la Popular Electronics likaweka kwenye jalada kisanduku kinaitwa Altair 8800, cha kampuni ndogo ya MITS ya Ed Roberts, kule Albuquerque. Unalipa kama dola 400, unatumiwa vipande kwa posta, ukavichomelee risasi mwenyewe nyumbani. Hakina monita, hakina kibodi, mbele kina swichi na vitaa vya kuwaka na kuzima, na kumbukumbu yake ni baiti 256, yaani meseji mbili za simu zikijaa hazitoshei mle. Na watu wakakigombania! Vijana wawili, Bill Gates na Paul Allen, wakakiandikia BASIC, lugha ya kuandikia programu, na hapo hapo Albuquerque mwaka huo huo ikaanza Microsoft. Kwa hivo Gates hakuvumbua kompyuta, alianza kwa kuwauzia programu watu wenye kompyuta zao, na hiyo tabia ndiyo itakayokuja kumtajirisha, shikilia hapo.

Kule California nako, Machi 1975, watu wa kupenda hivi vitu wakaanza kukutana Menlo Park kwenye gereji ya mmoja wao, kikundi wakakiita Homebrew Computer Club, na ndani alikuwemo Steve Wozniak. Yeye akaja na Apple I mwaka 1976, halafu Apple II mwaka 1977 pamoja na mwenzake Steve Jobs, na mwaka huo wa 1977 zikatoka pia Commodore PET na TRS-80. Tofauti ya hizi tatu na Altair ni kwamba hizi unanunua, unatoa kwenye boksi, unachomeka stima, unatumia. Halafu mwaka 1979 Dan Bricklin na Bob Frankston wakatoa VisiCalc, programu ya kupanga hesabu kwenye safu na mistari, ubadilishe namba moja zingine zote zijibadilishe zenyewe. Nyinyi mnaosoma pakeji mkifika Excel mkumbuke huyo ndiye babu yake. VisiCalc ilianzia kwa Apple II, na watu wa ofisi, wahasibu, wakawa wananunua Apple II kwa ajili ya hiyo programu moja tu.

Tatizo ni kwamba kila mashine ilikuwa kivyake. Programu ya Apple haiendi kwa Commodore, flopi, ile diski ya kuchomeka na kutoa, ya huyu haisomeki kwa yule, kadi ya hapa haiingii kule. Ungeuliza wakati ule kama ramu ya hii yaingia kwa ile wangekucheka.

Kulikuwa na mtu mmoja lakini aliyeona mbali, Gary Kildall wa Pacific Grove, na mimi naona huyu hasifiwi vya kutosha. Aliandika mfumo endeshi, yaani programu kuu inayoendesha kompyuta kama Windows ya leo, unaitwa CP/M, na ujanja wake ulikuwa huu: ile sehemu ya programu inayoshughulika na vyuma vyenyewe, diski hii, kibodi hii, akaitenga pembeni kwenye kipande kidogo, akakiita BIOS, na yote mengine yakabaki vile vile kila mahali. Ukitaka CP/M iende kwa mashine mpya unaandika upya hicho kipande tu, umemaliza. Ile BIOS unayoingia kwa kubonyeza F2 au Delete ukiwasha PC, wazo lake limetoka kwa Kildall.

Haya, sasa IBM. Hawa ndio waliokuwa wakubwa wa zile kompyuta za chumba kizima. Mwaka 1980 wakawa wanaangalia Apple inauzia watu wa maofisi, yaani wateja wao wenyewe, na wao hawana mashine ndogo ya maana ya kupeleka sokoni. Desturi ya IBM ilikuwa kutengeneza kila kitu wenyewe, na mradi mmoja kuchukua miaka. Bill Lowe, aliyekuwa msimamizi wao kule Boca Raton, Florida, akawaendea wakubwa akawaambia kwa desturi hiyo hatutoboi, nipeni timu ndogo, nipeni mwaka mmoja, lakini mkubali ninunue vitu nje. Wakakubali. Baadaye kazi akaishika Don Estridge na ndiye mpaka leo wengi wanamwita baba wa IBM PC, na masikini alikuja kufa kwenye ajali ya ndege kule Dallas mwaka 1985 hata hajaona mwisho wa alichokianzisha.

Waswahili wanasema haraka haraka haina baraka, na hapa kweli haikuwa na baraka kwa IBM ila kwa sisi wengine. Prosesa wakanunua Intel, 8088, mwendo wake megahezi 4.77. Draivu za flopi wakanunua Tandon. Printa ilikuwa ni Epson imebandikwa jina la IBM. Ndani wakaweka sloti 5 za kuchomekea kadi, na ili watu wengine waweze kutengeneza hizo kadi, wakafanya jambo ambalo IBM ya siku zote isingefanya, wakachapisha kitabu cha ufundi chenye michoro ya sakiti na hata msimbo wa BIOS yao mstari kwa mstari, ukilipa unapewa.

Ukabaki mfumo endeshi. Wakaenda kwa Microsoft, Gates akawaambia mimi sina hiyo, nendeni kwa Kildall. Wakaenda. Siku waliyofika Kildall alikuwa ametoka kwa shughuli zake na ndege yake, mkewe Dorothy aliyekuwa anasimamia upande wa biashara akapewa karatasi ya kuapa siri aitie sahihi, akasita, na kuanzia hapo kila aliyekuwepo ana simulizi yake, ila mwisho wake ni mmoja: hawakupatana, IBM wakarudi kwa Microsoft. Safari hii Gates hakusema sina. Palikuwa na kampuni ndogo kule Seattle, Seattle Computer Products, fundi wao Tim Paterson alikuwa ameandika mfumo unaofuatisha CP/M kwa ajili ya prosesa mpya za Intel, Microsoft ikaanza kwa kuchukua leseni halafu Julai 1981 ikaununua wote kwa dola 50,000. Ndio ukawa DOS.

Na kwenye mkataba na IBM Microsoft ikaacha mlango wake wazi: IBM watautumia kwa jina la PC DOS, lakini Microsoft ina haki ya kumuuzia mtu mwingine yeyote. IBM hawakuona taabu. Mtu mwingine nani, wakati kompyuta ni yetu?

IBM PC ikatoka tarehe 12 Agosti 1981. Bei ya chini dola 1,565, hapo una kilobaiti 16 za kumbukumbu na huna monita wala draivu ya flopi, ukijumlisha vya kukuwezesha kufanya kazi unakaribia dola 3,000. CP/M nayo ikaja kuuzwa kwa mashine hii lakini kwa dola 240, na DOS ilikuwa dola 40, wewe ungechukua gani? Kildall akapotea sokoni hivo hivo. Ila mashine yenyewe ikanunuliwa kwa fujo, jina la IBM pekee lilitosha kumtuliza bosi wa ofisi.

Sasa tukae tuhesabu, ndani ya hii mashine mali ya IBM peke yake ni ipi? Vyuma ni vya dukani. Prosesa ni ya Intel. Mfumo endeshi ni wa Microsoft. Michoro imechapishwa. Kilichobaki ni BIOS, kilobaiti 8 za msimbo zenye hakimiliki ya IBM, na kuchapishwa kwake kitabuni kulikuwa pia ni mtego, manake ukishausoma ule msimbo halafu ukaandika wako ukafanana, wakili wa IBM anakuuliza tu, kitabu chetu ulikisoma hukukisoma? Basi ile kufuli moja ndiyo iliyokuwa inalinda kila kitu.

Kufuli ikafunguliwa ndani ya mwaka. Kampuni ya Columbia Data Products ikatoa mashine ya kufanana na ya IBM Juni 1982, na baada yake wakaja Compaq, ambao ndio waliotikisa soko, watu watatu waliotoka Texas Instruments, Rod Canion, Jim Harris na Bill Murto, mashine yao ya kwanza waliichora kwenye karatasi ya mezani hotelini kule Houston. Njia waliyotumia kuipata BIOS bila kuiba yataka ielezwe vizuri kwa sababu ndiyo kiini cha hadithi yote.

Chukua mlango wa kuchonga wa Lamu. Wataka mlango utakaokaa kwenye fremu ya jirani lakini nakshi zake huruhusiwi kuziiga. Unamtuma fundi wa kwanza aende apime, upana, urefu, bawaba ziko wapi, komeo laingia wapi, anaandika vipimo tu, hachori hata ua moja. Ile karatasi anapewa fundi wa pili ambaye ule mlango hajawahi kuuona maisha yake, anachonga kwa akili yake mwenyewe. Ukija kuutia kwenye fremu unakaa sawasawa, wafunga na kufunguka, na hakuna hakimu atakayesema umeiba. Compaq walifanya hivo hivo kwa BIOS: kundi moja lilisoma ya IBM na kuandika programu ikiomba jambo hili BIOS yapaswa kujibu nini, kundi jingine ambalo kitabu cha IBM halijakigusa likaandika msimbo mpya wa kutoa majibu yale yale. Nasema majibu yale yale kwa sababu programu haijali msimbo umeandikwaje, yenyewe inajali jibu.

Compaq Portable ilitangazwa Novemba 1982, mashine ya kubeba kwa mkono kama cherehani, kilo 13 hivi, sijui nani alikuwa anaibeba. Mwaka wa kwanza wa mauzo, 1983, kampuni ikauza mali ya dola milioni 111. Na mfumo endeshi walitoa wapi? Kwa Microsoft, ile haki aliyobakishiwa Gates. Wanunuzi nao wakawa na mtihani wao wa kujua kama kloni, yaani mashine ya kuiga ile ya IBM, ni ya kweli au ya kubabaisha: weka Lotus 1-2-3, programu ya hesabu kama VisiCalc, halafu weka ule mchezo wa kurusha ndege wa Microsoft, zote mbili zikienda vizuri basi mashine ni sawa.

Wapo waliojaribu njia ya mkato wakanakili BIOS ya IBM ilivyo, Eagle na Corona, wakashtakiwa mwaka 1984 wakalazimika kuiacha. Lakini mwaka huo huo Phoenix Technologies wakamaliza kuandika BIOS yao kwa njia ya mafundi wawili na badala ya kutengeneza kompyuta wakaamua kuiuza hiyo BIOS kwa anayetaka. Hapo ndipo mambo yalipokwisha kwa IBM. Kabla ya hapo ulihitaji kuwa na pesa na mawakili kama Compaq, baada ya hapo mtu yeyote, Taiwan, Texas, popote, ananunua prosesa kwa Intel, BIOS kwa Phoenix, DOS kwa Microsoft, anaunga. Mmoja wao alikuwa mwanafunzi wa chuo kikuu kule Austin, ana dola 1,000 za mtaji, anauzia watu kompyuta kutoka chumba chake cha bweni mwaka huo wa 1984. Jina lake Michael Dell.

Na HP? HP ilikuja kuinunua Compaq mwaka 2002. Ndio maana kwenye hizi ex-UK nyingi utaona pameandikwa "HP Compaq" mbele, wengi hudhani Compaq ni modeli tu, kumbe ndiyo ile kampuni ya karatasi ya hotelini. Kwa hivo ukichukua ramu ya Dell ukaitia kwa HP hao ni watoto wa baba mmoja, IBM, ambaye hakukubali kuwazaa.

Kuna watu husema basi IBM walikuwa wajinga. Mimi sioni hivo. Bila vile vipande vya watu wasingemaliza kwa mwaka mmoja, na bila kile kitabu wasingepata wale watengenezaji wa kadi na programu walioifanya PC iwe PC. Kosa lao, kama ni kosa, ni pale walipodhani chuma ndicho chenye thamani. Thamani ilikwenda kukaa kwenye sehemu mbili tu ambazo hazikuwa wazi, prosesa na mfumo endeshi. Kila kloni iliyouzwa, awe ameiuza nani, Microsoft analipwa na Intel analipwa. Intel hata hivo hakuachiwa ale peke yake, IBM hawakutaka kutegemea muuzaji mmoja wa prosesa, wakashinikiza awepo wa pili, ndipo AMD, kampuni nyingine ya chipu, akapewa ruhusa ya kuzitengeneza kwa mkataba wa mwaka 1982. Wanaoniuliza mbona laptopu ya AMD inakubali Windows ile ile ya Intel, sababu ni hiyo, na hao wawili wameshtakiana mahakamani miaka na miaka juu ya huo mkataba.

IBM walijaribu kurudisha mali yao. Septemba 1986 Compaq ilikuwa imeshawatangulia kutoa mashine ya prosesa mpya ya 386, yaani kloni imempita mwenyewe, aibu iliyoje. Aprili 1987 IBM wakatoa familia mpya, PS/2, yenye sloti za aina nyingine kabisa, anayetaka kuzitumia alipe leseni. Wenzao tisa wakiongozwa na Compaq wakaungana mwaka 1988 wakatangaza sloti yao wenyewe inayokubali pia kadi za zamani, na wanunuzi wakabaki na kloni. Lakini PS/2 haikufa yote. Ile soketi ya duara ya kibodi na mausi, ilitoka kwa PS/2. Waya ya monita ya VGA yenye skurubu mbili, ile ninayowaambia watu wasiitupe, pia ilikuja na PS/2 mwaka 1987. Sloti zimekataliwa, soketi zimebaki.

Alama za zamani ziko nyingi ukijua kuzitazama. Kwa nini diski yako inaanzia C? Kwa sababu A na B zilikuwa ni flopi, na mashine ya IBM iliyokuja na hadi diski mwaka 1983, XT, megabaiti 10 nzima, ikakuta herufi mbili za mwanzo zina wenyewe. Betri ndogo ya duara kwenye mazabodi nayo ni ya ukoo wa IBM AT ya mwaka 1984, iliyokuja na saa inayotembea hata mashine ikizimwa. Na hii nawaambia kwa faida yenu: intaneti ikiwa iko lakini kila tovuti inakataa kufunguka ikilalamika usalama, angalia tarehe kwanza, mara nyingi betri imekufa mashine imerudi miaka kumi nyuma, badilisha betri ya shilingi chache uende zako, usikubali kuuziwa hadi diski. Hata prosesa yenyewe, hizi za Intel na AMD za kisasa, ukiwasha tu zinaamka zikijifanya ni 8086 ya mwaka 1978, ndugu ya ile 8088, kidogo ndipo zinabadilishwa kuwa za leo.

Apple wao walishika njia ya peke yao. Macintosh ya Januari 1984, dola 2,495, ilikuwa na mausi na madirisha wakati PC bado unaandika amri kwenye skrini nyeusi, wazo ambalo lilikuwa limeanza kwa maabara ya Xerox huko nyuma, lakini Apple hawakuruhusu watu kuunga kloni isipokuwa kipindi kifupi miaka ya tisini. Microsoft ikafika hapo polepole, Windows ya kwanza 1985 haikuwa kitu, ya 3.0 mwaka 1990 ikauzika, ya 95 ikamaliza maneno. IBM yenyewe ikauza biashara yake ya PC kwa Lenovo ya Uchina, kazi ikakamilika mwaka 2005, ndio maana laptopu za ThinkPad, zilizokuwa za IBM, sai ni Lenovo.

Nirudi kwa ramu, kuna jambo nimelipitisha haraka. Ramu za leo hazifanani kwa bahati tu, kuna chombo kinaitwa JEDEC kinachoandika vipimo vya DDR3, DDR4 na DDR5, na watengenezaji wanafuata, kama vile mazabodi nyingi na boksi zake zinafuata vipimo vya ATX ambavyo Intel ilitoa mwaka 1995. Lakini vipimo hivyo vilikuja baada ya soko kuwa la watu wengi na hakuna mmoja anayeweza kuamuru. Na si kila kitu kinafuata. DDR3 haiingii sloti ya DDR4, ule mkato wa katikati umewekwa mahali pengine makusudi usilazimishe. Desktopu nyingi ndogo za ofisi zina pawasaplai na mazabodi za umbo lao wenyewe, hizo ukitaka ya kubadilisha utafute iliyokufa ya modeli ile ile. Kwa watu wa Lamu hili ni la kuangalia zaidi, kule hewa ya chumvi inazila mazabodi mapema, na anayenunua mashine ya ofisi au ya skuli ni bora anunue mbili za modeli moja kuliko mbili tofauti nzuri nzuri.

Laptopu mpya ndio zinarudi kule kule kwa kila mtu kivyake. Nyingi nyembamba ramu yake imechomelewa kwenye mazabodi, hutoi huongezi, ulichonunua ndicho ulichonacho. Mac zilianza Novemba 2020 kuacha prosesa za Intel zikatumia za Apple wenyewe. Na Microsoft ilisitisha kuitunza Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 rasmi inataka prosesa za Intel kuanzia jenereshen (kizazi) ya 8, ndio sababu moja ya ofisi za Ulaya kutoa hizi mashine kwa wingi zikatufikia huku. Unaponunua, usitazame kibandiko cha i5 peke yake, tazama namba inayofuata: i5-4590 ni jenereshen ya 4, i5-8500 ni ya 8. Ile ya 4 si mbovu, ongeza ramu, tia SSD, ile diski ya kasi, weka Linux Mint, mfumo endeshi wa bure, itakwenda vizuri tu, hizi ni PC na hakuna wa kukukataza kuweka mfumo unaoutaka. Ila usikubali kuuziwa ile ya 4 kwa bei ya 8.